Oksijeni nyingi kwa muda mrefu na makovu ya mapafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayoulizwa na ndugu wa wagonjwa nje ya wodi za Moshi na Arusha, na mara nyingine na wauguzi wanaoanza kazi katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Yote yanazunguka jambo moja: mgonjwa anapopewa oksijeni nyingi kwa siku nyingi, mapafu yake yanapatwa na nini, na yale makovu yanayoonekana baadaye kwenye picha yametoka wapi. Majibu ni ya jumla. Daktari anayemtibu mgonjwa wako ndiye anayejua kiwango anachopewa na sababu yake, na ndiye wa kuulizwa kabla mtu yeyote hajagusa mashine au mtungi.

Je, ni kweli kwamba oksijeni inaweza kuumiza mapafu?

Ni kweli, wala si habari mpya. Joseph Priestley, mmoja wa waliogundua gesi hii katika miaka ya 1770, aliona mshumaa ukiteketea upesi mno ndani yake, akajiuliza kama mtu mzima wa afya naye hataishiwa uhai upesi akiivuta siku zote. Uthibitisho ulikuja mwaka 1899, James Lorrain Smith alipoonyesha kwamba wanyama waliovuta oksijeni nyingi kwa siku kadhaa walivimba mapafu na kujaa majimaji mfano wa wenye nimonia. Mwaka 1967 madaktari wa Marekani walieleza uharibifu wa namna hiyo kwa watu waliofariki baada ya kukaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia wakipewa oksijeni ya kiwango cha juu.

Oksijeni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ningependa kila ndugu wa mgonjwa aitazame hivyo, kama dawa yenye dozi. Kwa bahati mbaya tumezoea kuiona kama hewa safi tu, ambayo ikizidi haina neno.

Mtaani husemwa kwamba mtu akishawekewa mtungi harudi. Je, tukatae?

Msikatae. Anayewekewa oksijeni ni yule ambaye mapafu yake tayari yameshindwa kufikisha hewa ya kutosha kwenye damu, kwa hiyo ni dhahiri kwamba miongoni mwa hao watakuwapo wengi walio mahututi, na baadhi yao watafariki. Mtungi unaonekana mwishoni mwa safari zao, ndipo lawama zinapouangukia. Ubongo na moyo vikikosa oksijeni, madhara huhesabiwa kwa dakika. Mapafu yakizidishiwa oksijeni, madhara huhesabiwa kwa saa nyingi na siku. Kati ya hatari hizo mbili, ya kwanza haina subira, na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayeacha mgonjwa ambaye oksijeni ya damu yake imeshuka hadi asilimia 75 kwenye kipimo cha kidoleni kwa kuogopa kovu la mwezi ujao.

Kilicho cha haki kuuliza ni swali jingine: kiwango kilipopanda, je, oksijeni ilipunguzwa?

Oksijeni "nyingi" ni kiasi gani, na muda "mrefu" ni upi?

Hewa tunayovuta ina oksijeni takriban asilimia 21, na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Mpira mwembamba wa puani ukitoa lita moja hadi tano kwa dakika humfikisha mgonjwa mtu mzima kwenye asilimia 24 hadi 40 hivi, kutegemea anavyohema. Barakoa ya kawaida hufika kati ya 35 na 60, na ile yenye mfuko chini yake hupita hapo kwa mbali. Mashine ya kupumulia inaweza kutoa asilimia 100 kamili. Kwa desturi ya kitabibu, kiwango kisichozidi asilimia 50 huhesabiwa kuwa kinavumilika kwa siku nyingi, na kinachozidi 60 hutazamwa kwa tahadhari kikipita siku moja au mbili. Hakuna mstari uliochorwa ambao ukiuvuka pafu linaharibika na usipouvuka uko salama. Kadiri kiwango kinavyopanda ndivyo muda wa usalama unavyofupika.

Ushahidi mzuri kuhusu watu wenye afya ulichapishwa mwaka 1945 nchini Marekani. Wanaume waliojitolea kuvuta oksijeni kamili kwa saa 24 walianza, wengi wao, kuhisi maumivu nyuma ya mfupa wa kifua na kikohozi kabla ya siku kwisha. Waliopewa asilimia 50 hawakuhisi kitu. Kundi jingine lilivuta oksijeni kamili ndani ya chumba ambacho mgandamizo wa hewa ulishushwa hadi kufanana na mlima wa mita 5,500 hivi, nao pia hawakupata dalili.

Tokeo hilo la mwisho ndilo lenye somo. Kinachoumiza pafu ni mgandamizo wa oksijeni yenyewe, na asilimia ni sehemu tu ya hesabu. Ndiyo maana wanaanga wa chombo cha Gemini 7 waliishi siku 14 mwezi Desemba 1965 wakivuta oksijeni tupu bila kuunguza mapafu, kwani ndani ya chombo mgandamizo ulikuwa karibu theluthi moja tu ya ule wa usawa wa bahari. Kwetu huku hesabu hiyo ina maana ndogo lakini halisi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Dar es Salaam au Tanga. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama asilimia 90. Kwa hiyo oksijeni ya asilimia 60 mjini Arusha hulikabili pafu kwa nguvu ileile ya asilimia 51 hivi pwani. Ni nafuu kidogo, isiyotosha kumfanya mtu azembee kupunguza dozi.

Ndani ya pafu hutokea nini hasa?

Pafu lina mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Ukuta kati ya hewa iliyo ndani ya kifuko na damu inayopita kando yake ni mwembamba sana; katika sehemu zake nyembamba haufiki hata elfu moja ya milimita. Wembamba huo ndio unaowezesha oksijeni kuvuka, na ndio unaoufanya ukuta huo kuwa wa kwanza kuumia.

Ndani ya kila seli oksijeni hutumika kuzalisha nishati katika viungo vidogo viitwavyo mitokondria. Sehemu ndogo ya oksijeni hiyo huponyoka njiani ikiwa haijatumika sawasawa, ikawa kemikali kali ambazo wataalamu huziita radikali huru na jamaa zake: supaoksidi, haidrojeni peroksidi na nyingine zilizo kali zaidi. Hizo hushambulia mafuta ya utando wa seli, protini na hata chembe za urithi. Katika hali ya kawaida mwili una vimeng'enya vya kuzizima, kimojawapo kikiwa kile kilichotambuliwa na Joe McCord na Irwin Fridovich mwaka 1969, ambacho kazi yake ni kuiondoa supaoksidi. Oksijeni ikiongezeka mno, kemikali hizo huzalishwa kwa kasi inayoushinda ulinzi huo. Wazo hili lilipendekezwa mwaka 1954 na Rebeca Gerschman, mwanasayansi wa Argentina, pamoja na wenzake, walipoeleza kwamba sumu ya oksijeni na madhara ya mionzi hupitia njia moja. Lilichukua muda kukubalika, na leo ndilo msingi wa maelezo yote.

Mambo huanza kwenye njia za hewa. Vinyweleo vinavyosukuma makohozi nje hulegea ndani ya saa chache, na mgonjwa mwenye fahamu husema kifua kinawaka akivuta pumzi ndefu. Wakati huohuo kuna jambo lisilohusu sumu kabisa. Naitrojeni ya kawaida hubaki ndani ya vifuko na kuvizuia visisinyae, kwa kuwa haiingii kwenye damu kwa wingi. Ukiiondoa yote na kujaza oksijeni tupu, damu huinyonya oksijeni ile kwa haraka kuliko inavyojazwa, na vifuko vilivyo nyuma ya njia zilizoziba kwa makohozi hujikunja. Huko kusinyaa hupunguza uwezo wa pafu, kipimo cha kidoleni hushuka, na anayesimamia akishindwa kulitambua ataongeza oksijeni. Mzunguko huo ni mbaya, na naamini hutokea mara nyingi kuliko inavyoandikwa kwenye mafaili.

Siku zikiendelea, seli zinazofunika mishipa midogo ya damu huvimba na kufa, kisha zile bapa zinazofunika karibu eneo lote la vifuko huzifuata. Majimaji na protini huvuja kuingia ndani ya vifuko, vikiganda kuwa utando unaong'aa ukutani. Seli za ulinzi hufika kwa wingi, nazo humwaga kemikali zilezile za kuunguza, kwa nia njema na matokeo mabaya. Yale mafuta maalumu yanayofanya vifuko visishikane huharibika. Panya waliofungiwa ndani ya oksijeni kamili hufa kwa kawaida ndani ya siku tatu; nyani na binadamu huvumilia zaidi, lakini mlolongo ni uleule.

Kovu lenyewe hutokeaje?

Baada ya hatua ya kuvuja huja hatua ya kukarabati. Seli bapa zilizokufa haziwezi kujizalisha, kwa hiyo nafasi yake huchukuliwa na seli nene, za duara, ambazo hustahimili oksijeni vizuri zaidi na hugawanyika kwa kasi. Zikifaulu kuufunika ukuta wote, baadhi hubadilika polepole kuwa seli bapa mpya na pafu hurudi karibu na hali yake. Zisipofaulu, ama kwa sababu oksijeni kali bado inaendelea au ugonjwa wa awali haujaisha, seli zinazojenga nyuzi huhamia ndani ya ukuta ulio wazi. Hizo hupokea ishara za kemikali kutoka kwenye seli zilizoumia, iliyo mashuhuri ikiwa ile ya kuchochea ukuaji iitwayo TGF-beta, kisha hutandaza kolajeni, yaani nyuzi ngumu zilezile zinazounda kovu la jeraha la mguuni.

Tofauti ni kwamba kovu la mguuni halimzuii mtu kutembea. Kovu la pafu huufanya ukuta uwe mnene na mgumu, kwa hiyo oksijeni huvuka kwa shida na pafu lenyewe hukataa kutanuka. Mgonjwa huhema juujuu na kwa haraka, huchoka akipanda ngazi chache, na hukohoa kikohozi kikavu.

Kwa kawaida nyuzi hizo huanza kuonekana wiki ya kwanza inapokaribia kwisha, au baada yake. Mtu aliyepewa oksijeni kamili kwa saa sita wakati wa upasuaji hana sababu ya kuogopa kovu.

Je, kovu hilo hufutika?

Mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, sehemu kubwa hufutika. Waliopona ugonjwa mkali wa mapafu na kutoka chumba cha wagonjwa mahututi huendelea kupata nafuu ya upumuaji kwa miezi sita hadi kumi na miwili, na picha zao husafika kwa kiasi. Wachache hubaki na makovu ya kudumu. Jambo linalotofautisha hali hii na ile ya makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo ni kwamba, chanzo kikiondolewa, kovu lililotokana na oksijeni na ugonjwa wa ghafla kwa kawaida haliendelei kutambaa mwaka hadi mwaka.

Baba alitoka wodini na picha ikaonyesha makovu. Tutajuaje kama ni oksijeni iliyofanya hivyo?

Swali hili ndilo linaloleta ugomvi katika familia, na jibu la kweli halimridhishi mtu: kwa picha pekee haiwezekani kutenganisha. Hata kipande cha pafu kikitazamwa kwa hadubini, uharibifu wa oksijeni hufanana na ule wa nimonia kali, wa UVIKO-19, wa sumu ya damu (maambukizi yaliyosambaa mwilini) na wa mashine ya kupumulia iliyosukuma hewa kwa nguvu. Hilo la mashine lilithibitika vizuri mwaka 2000, katika utafiti wa Marekani wa wagonjwa 861 ambao mapafu yao yalishindwa ghafla: kusukuma pumzi ndogo, ya mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaotarajiwa kwa urefu wa mgonjwa, kulishusha vifo hadi asilimia 31, dhidi ya karibu asilimia 40 kwa waliosukumiwa mililita 12. Waliohitaji oksijeni nyingi zaidi ndio waliokuwa wagonjwa zaidi, kwa hiyo ukiona makovu mengi kwa waliovuta oksijeni nyingi hujathibitisha kwamba oksijeni ndiyo iliyoyachora.

Kwa ukanda wetu naongeza kwamba si haki kuihukumu oksijeni kabla ya kuuliza maisha ya mgonjwa. Kifua kikuu huacha makovu yanayobaki kwenye picha maisha yote, hata baada ya kupona kabisa. Mwanaapolo aliyechimba tanzanite Mererani kwa miaka mingi bila kinga huwa na vumbi la mawe lililojenga kovu kimyakimya. Mama aliyepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha tangu usichana wake naye ana historia ndefu ya moshi. Watu hawa wakilazwa kwa nimonia, wakapewa oksijeni, kisha wakapigwa picha kwa mara ya kwanza maishani, kovu la zamani huonekana kana kwamba limezaliwa wodini. Picha ya zamani ikipatikana, hata ya miaka kumi iliyopita, ni ya thamani kubwa kuliko mabishano.

Kwa nini daktari anapunguza oksijeni wakati mgonjwa bado anahema kwa shida?

Kwa sababu kuhema na kiwango cha oksijeni kwenye damu ni mambo mawili. Mtu anaweza kuhema kwa homa, maumivu, hofu au upungufu wa damu huku damu yake ikiwa imejaa oksijeni tele. Kwa watu wazima wengi lengo linalotumika sana ni asilimia 94 hadi 98 kwenye kipimo cha kidoleni, na mapendekezo yaliyotolewa na jopo la kimataifa mwaka 2018 yanashauri kwamba aliye kwenye oksijeni asipitishwe 96. Kikisoma 100, hatujui ni kiasi gani kimezidi, kwa kuwa kipimo hakiwezi kupanda juu zaidi ya hapo. Ndugu hufurahi wakiiona 100; mimi huitazama kama ishara kwamba kuna anayepaswa kuja kupunguza.

Kwa wenye mapafu yaliyochoka kwa moshi wa sigara au wa kuni, lengo ni asilimia 88 hadi 92, maana oksijeni ikizidi hewa ya kabonidayoksaidi hujikusanya kwenye damu na mgonjwa husinzia hadi kupoteza fahamu. Utafiti uliofanywa na magari ya wagonjwa huko Tasmania, Australia, ukachapishwa mwaka 2010 ukihusu watu 405, ulionyesha vifo vichache zaidi kwa waliopimiwa oksijeni kuliko waliofunguliwa kwa wingi.

Kuhusu walio mahututi, tafiti hazijakubaliana. Mmoja wa Modena, Italia, uliochapishwa mwaka 2016, ulipata vifo vichache kwa waliobaniwa oksijeni. Mkubwa zaidi wa mwaka 2021, wenye wagonjwa wapatao 2,900, haukupata tofauti. Mwingine wa Ufaransa ulisimamishwa mapema kwa sababu za usalama, baadhi ya waliowekewa lengo la chini sana wakiwa wamepata matatizo ya damu kutofika kwenye utumbo. Nionavyo mimi, tafiti hizo zinafunza kuepuka ncha zote mbili, na hazimpi mtu ruhusa ya kushindana nani ataweka kiwango cha chini zaidi.

Bibi yetu yuko Machame na anatumia mashine ya oksijeni nyumbani, lita mbili, karibu mchana na usiku. Mapafu yake hayataungua?

Hapana. Lita mbili kwa mpira wa puani humfikisha kwenye asilimia 28 hivi, na kwa mwinuko wa nyumbani kwake hiyo ni chini ya asilimia 26 ya pwani, mbali kabisa na kiwango cha sumu. Mashine yenyewe hutoa oksijeni ya asilimia 90 na ushei, ndiyo sababu watu huogopa wakisoma kibandiko chake, lakini lita mbili hizo huchanganyika puani na hewa ya kawaida anayoivuta. Tafiti mbili za mwaka 1980 na 1981, za Marekani na Uingereza, zilionyesha kwamba wenye ugonjwa sugu wa mapafu ambao damu yao ina upungufu mkubwa wa oksijeni huishi muda mrefu zaidi wakiitumia kwa saa zisizopungua 15 kwa siku. Kuizima kwa kumhurumia ndiko kutakakomdhuru.

Hatari za kweli nyumbani ni nyingine. Moto ni ya kwanza: jiko la mkaa, mshumaa, kibatari au sigara viwe umbali wa mita tatu angalau, na mafuta ya mgando yasipakwe puani wala kwenye vifungo vya mtungi. Ya pili ni mtu kuongeza lita bila ushauri kwa kuwa bibi amelalamika usiku. Ya tatu ni umeme kukatika au LUKU kuisha saa nane za usiku bila mtungi wa akiba.

Mtoto wetu ni njiti. Kwa nini wauguzi wanakuwa wakali hivyo kuhusu oksijeni yake?

Kwa sababu njiti huumia kwa kiasi ambacho mtu mzima angekivumilia. Vimeng'enya vya kuzizima kemikali kali huongezeka mwilini katika wiki za mwisho za ujauzito, na aliyezaliwa kabla ya wiki hizo huja bila ulinzi kamili, akiwa na mapafu ambayo bado hayajamaliza kugawanyika kuwa vifuko. Mwaka 1967 William Northway na wenzake wa Stanford walieleza ugonjwa mpya wa mapafu kwa watoto wa namna hiyo waliokuwa wamekaa kwenye mashine na oksijeni kali kwa siku nyingi: njia za hewa zilizoumia, sehemu zilizosinyaa kando ya zilizotanuka mno, na makovu. Siku hizi, kwa matunzo ya upole zaidi, makovu mazito yamepungua, na kinachoonekana zaidi ni pafu lililosimama kukua, lenye vifuko vichache na vikubwa.

Jicho nalo limo hatarini. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 maelfu ya njiti katika nchi tajiri walipofuka kwa oksijeni waliyopewa bila kipimo, na Kate Campbell wa Melbourne alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha uhusiano huo mwaka 1951.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza njiti aliye kwenye oksijeni awe kati ya asilimia 88 na 95, asizidi hapo. Shida ya hospitali nyingi ni vifaa vya kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida. Pasipo navyo, mashine ya mapovu inayomsaidia mtoto kupumua hulazimika kutumia oksijeni tupu. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa adabu ni asilimia ngapi mtoto anapewa, na ni lini macho yake yatapimwa. Kipimo hicho kwa kawaida hufanyika mtoto anapofikisha wiki nne hivi, na wengi hukikosa kwa kuwa wamesharuhusiwa kwenda nyumbani.

Kuna dawa au sumu zinazofanya oksijeni iwe hatari zaidi?

Zipo mbili za kukumbuka. Ya kwanza ni bleomisini, dawa ya saratani inayotumika kwa saratani ya korodani, baadhi ya saratani za tezi za limfu, na saratani ya ngozi ya Kaposi. Yenyewe huweza kuleta makovu ya mapafu, na ripoti ya mwaka 1978 kuhusu wagonjwa waliofariki baada ya upasuaji iliwafanya madaktari wa usingizi wawe waangalifu kuhusu oksijeni kwa yeyote aliyewahi kuipata. Tafiti za baadaye zimepunguza ukali wa hofu hiyo, ila tahadhari imebaki: mtu aliyetibiwa kwa bleomisini, hata miaka iliyopita, amwambie daktari wa usingizi kabla ya kulazwa mezani.

Ya pili ni parakwati, sumu ya kuulia magugu. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007, lakini mashambani duniani bado ipo. Aliyeimeza, kwa bahati mbaya au kwa kukata tamaa, hupata sumu inayokusanyika ndani ya mapafu na kutumia oksijeni kama kuni za kuzalisha kemikali kali mfululizo, hadi pafu linageuka kovu ndani ya siku au wiki chache. Hapo ni mahali ambapo madaktari hukusudia kumnyima mgonjwa oksijeni ya nyongeza hadi upungufu uwe mkubwa kweli. Ukimpeleka mtu hospitali kwa sababu hiyo, beba chupa yenye kibandiko.

Wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro hubeba mitungi. Je, oksijeni ya mlimani huacha kovu?

La. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na mgandamizo wa hewa pale ni karibu nusu ya ule wa pwani. Hata oksijeni kamili mahali hapo haizidi sana kile kinachovumilika kwa siku nyingi, na hakuna anayeivuta siku nyingi. Mgonjwa aliyejaa maji kwenye mapafu kwa sababu ya mwinuko apewe oksijeni na ateremshwe mara moja.

Vitamini, tangawizi au kujifukiza vinaweza kuzuia makovu?

Vitamini C, vitamini E na dawa nyingine za kuzima radikali huru zimejaribiwa, na mpaka sasa hakuna hata moja iliyo kinga ya kawaida dhidi ya sumu ya oksijeni kwa watu wazima. Kujifukiza hakufiki kwenye vifuko vya hewa, na jiko la moto kando ya mtu mwenye mpira wa oksijeni ni ajali inayosubiri. Kinachosaidia kweli ni kile kinachopunguza mahitaji ya oksijeni: kutibu nimonia yenyewe, kumlaza mgonjwa kifudifudi pale daktari anapoelekeza, kumwinua kitandani, kutoa makohozi, na kupunguza dozi kidogokidogo kila nafuu inapoonekana.

Baada ya kuruhusiwa, tumrudishe lini, na tubebe nini?

Aliyekaa kwenye oksijeni ya kiwango cha juu kwa zaidi ya siku chache aonwe tena baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, mapema zaidi akizidi kuhema au kiwango kikishuka anapotembea. Kipimo cha kupuliza kwenye mashine na cha kutembea dakika sita huonyesha mengi kuliko eksirei, na picha ya CT huombwa pale vipimo hivyo vinapotia shaka. Eksirei iliyopigwa mapema mno huonyesha kivuli ambacho huenda kingeondoka chenyewe, na familia hubaki na hofu ya miezi bure.

Bebeni muhtasari wa kuruhusiwa ulioandikwa oksijeni ilitolewa kwa njia gani, asilimia au lita ngapi, na kwa siku ngapi. Kama haukuandikwa, ombeni uandikwe kabla ya kuondoka wodini, kwani baada ya hapo faili huwa gumu kupatikana. Bebeni pia picha zote za zamani za kifua, kadi ya matibabu ya kifua kikuu kama ipo, na orodha ya kazi alizowahi kufanya.